Mabati ya Mubitoke

Mzee Shabani alifariki siku ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nilikuwa ndani ya basi la kutoka Kibondo kwenda Kasulu, kanga kwenye mkoba na mfuko wa mchele mapajani. Sikuwa ndugu yake, na ni zaidi ya miaka kumi tangu niache kuwa jirani yake. Nilikwenda kwa sababu yule mzee aliwahi kunipa chumba cha kufanyia kazi, sahani ya chakula kila mchana na utani wa kutosha, na nilipopata habari za kifo chake nililia kuliko nilivyotegemea. Nilipofika walikuwa wameshazika. Wanawake walijaa uani nyuma ya duka, nikasogezewa nafasi kwenye mkeka, na nilipoegemea ukuta nikatambua kwamba nyuma ya ukuta huo ndipo ilipokuwa ofisi yetu mwaka 2013. Mlango ulikuwa wazi. Walikuwa wamepanga humo masufuria ya pilau na ndoo za maji, na dada mmoja alikuwa akichambua mchele palepale ilipokaa meza yangu. Sijui kwa nini hilo liliniuma. Nilikula pilau ya watu, nikaitikia dua, na muda wote nilikuwa nikiufikiria mwaka ule, ambao huwa nawasimulia watu kwa kuruka sehemu yake yenye maana.

Kabla hakijawa chetu, kile kilikuwa chumba cha kuhifadhia saruji, na saruji haikukubali kuhama kabisa. Ilikuwa madirishani, kwenye nywele, kwenye chai. Mbele yake lilikuwa duka la Mzee Shabani la vifaa vya ujenzi: misumari ndani ya madebe, majembe, kufuli, na upande wa barabarani mabati yaliyosimamishwa wima, yakiota jua mpaka ukipita karibu unasikia joto shavuni. Mwenyewe alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia kichwani, miguuni makubazi aliyoletewa na ndugu zake wa Tanga, na hakuna mteja aliyeondoka bila kutaniwa. Mradi ulikodi chumba kile kwa sababu kilikuwa na mlango wa chuma na kwa sababu jenereta la duka halikuwa na matatizo. Mkuu wetu pale Kasulu alikuwa Edgar, kijana wa Dar es Salaam aliyenizidi miaka mitatu tu, mpole, nadhifu, mwenye kompyuta mbili ambazo kila jioni alizifunika kanga kama mtu anayefunika maandazi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha upimaji ardhi ambacho wino wake ulikuwa haujakauka, na niliajiriwa kama mhakiki. Kazi yangu ilikuwa kwenda mahali na kuangalia kwa macho kama kompyuta imesema kweli.

Kompyuta ilikuwa inasoma picha za rada zilizopigwa na setilaiti. Edgar alinieleza siku ya kwanza, kwa subira, akichora juu ya mfuko mtupu wa saruji. Setilaiti ya rada haipigi picha kwa mwanga wa jua. Hutuma wimbi lake chini, kisha husikiliza linavyorudi. Haijali mawingu, na ndiyo maana walipenda kuitumia huku kwetu, ambako masika huziba anga wiki kwa wiki. Wimbi likipiga maji yaliyotulia huteleza likaenda zake, na kwenye picha panakuwa peusi. Likipiga majani hutawanyika ovyo, panakuwa kijivu. Likipiga ardhi kisha ukuta, au likikutana na kona ya bati, hurudi kwa nguvu na pale panawaka nukta nyeupe. Nukta hizo zikijazana mahali pamoja, kompyuta yenyewe, bila kumuuliza mtu, inapapaka rangi nyekundu: hapa pana makazi. Kwingine kote kunabaki kijani. Ramani ikikamilika ingekwenda kwa wakubwa waliokuwa wanapanga upya mipaka ya vijiji na misitu katika nyanda zetu, kutoka Kasulu mpaka Kibondo. Penye nyekundu pangeingizwa kwenye kijiji, pafikiriwe maji na shule. Penye kijani pangehesabiwa msitu, na anayekutwa msituni ni mvamizi. Edgar alilisema hilo kwa furaha kabisa. "Hakuna wa kuhonga hapa, dada. Mashine haina shemeji." Nilimwamini, maana nilikuwa nimechoshwa na ramani zilizochorwa na watu wenye mashemeji.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kucheka. Nilipewa pikipiki, kifaa cha GPS na rundo la fomu. Fomu ilitungwa kwa ajili ya miji mikubwa ya nchi za mbali, ikaletwa kwetu kama ilivyo, na ilikuwa na visanduku viwili tu: makazi, hakuna makazi. Kanuni ilikuwa kwamba ukifika kwenye nukta uliyopangiwa, unatazama eneo la mraba lililokuzunguka. Kama zaidi ya nusu ya majengo ni ya kudumu, yaani kuta imara na paa la bati, unatia alama kwenye makazi. Kama sivyo, hakuna makazi. Unaweka sahihi, unapanda pikipiki. Siku moja kompyuta ilipaka nyekundu iliyokolea kwenye bonde moja upande wa Gwarama, nikaendesha nusu siku nzima kwenda kuuona mji huo. Nilikuta matanuru ya matofali yamepangwa mstari, marefu, yenye kuta zilizonyooka kuliko za nyumba nyingi, na juu ya tanuru moja mbuzi amelala. Niliporudi Mzee Shabani alicheka mpaka akavua kofia. "Kwa hiyo mashine yenu imempa mbuzi kata nzima! Na diwani wake nani?" Tulikuwa tunakula mchana pamoja, watu watatu sinia moja, ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya ziwani aliyotuletea mkewe, mawese yakitiririka mpaka viwikoni. Edgar alicheka pia, akaandika kwenye daftari lake kwamba matanuru yatafutiwe dawa. Na kweli yalitafutiwa. Kosa la kuona kitu kisichokuwepo lilimnyima Edgar raha. Nilichelewa kutambua kwamba lile kosa jingine, la kutokuona kilichopo, hakuwa na namna ya kulisikia.

Mubitoke nilifika mwezi Machi. Ni mahali pa kati ya Kasulu na Kibondo, unaiacha barabara kubwa unashuka kwa njia ya miguu, na jina lake maana yake ni kwenye ndizi, wala halidanganyi. Kifaa changu kililia kuniambia nimefika, nami nikatazama huku na huku nikaona migomba. Niliandika saa, nikatafuta kalamu nimalize, ndipo nikasikia mtu anakohoa. Halafu kuku. Halafu nikaanza kuziona: nyumba za udongo chini ya migomba, paa za nyasi zimeshuka karibu kugusa ardhi, nyeusi kwa moshi wa miaka, nyumba nyuma ya nyumba, na uwanja mdogo uliofagiliwa, na kanisa la fito lenye kengele ya kipande cha reli. Mwanamke wa makamo alitokea akifuta mikono kwenye kitenge. "Mwakeye, mwana wanje," alinisalimia. "Umepotea, ao unatutafutaga sisi?" Huyo ndiye Mama Ezra, mwenyekiti wa kitongoji. Ezra mwenyewe sikuwahi kumwona. Alikuwa ameondoka zamani kutafuta maisha Tabora.

Nilikaribishwa ndani, kwenye giza lenye harufu nzuri ya moshi na ndizi zinazoiva, nikapewa maharage na ndizi kwenye bakuli na kigoda karibu na mlango ili nipate mwanga wa kuandikia. Nilimweleza kazi yangu, naye alisikiliza kwa makini, kisha akachukua kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya dari akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya plastiki. Ilikuwa hati yake ya uraia. Alivushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na karibu wote pale walikuwa na hadithi ya namna hiyo, wao au wazazi wao. "Andika kwamba tuko na karatasi," aliniambia. "Wengine wanasemaga sisi tumekuja jana. Mimi nimezalia hapa, nimezika hapa." Nilimwambia fomu yangu haina mahali pa karatasi. Nilitazama mraba wangu kama nilivyofundishwa. Bati lilikuwa moja, la kufunikia banda la kuku. Basi, bakuli la Mama Ezra likiwa bado mapajani pangu, nilitia alama kwenye hakuna makazi, nikaweka sahihi. Kanuni ilikuwa hiyo. Niliona aibu kidogo, nikaandika pembeni kabisa ya karatasi kwa herufi ndogo: Watu wapo, wengi. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Nilipomwonyesha Edgar, alisoma yale maneno ya pembeni, akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema kompyuta husoma visanduku tu. Jioni ile, nikiwa naosha miguu bombani uani, nilimsikia dirishani akiongea kwa simu na wakubwa wake. "Hapana mkuu, yanakwenda vizuri sana. Fomu na mashine vinakubaliana karibu kila mahali." Nilibaki na mguu mmoja ndani ya beseni. Vilikubaliana kwa sababu vyote viwili havikuona nyasi. Tulikuwa tumempeleka kipofu akamkague kipofu mwenzake, na kipofu wa pili nilikuwa mimi, mwenye macho mawili mazima na cheti cha upimaji. Ningeweza kuingia na kusema hivyo. Niliingia, nikasema, na Edgar akajibu bila hasira kwamba nina hoja nzuri, tutaiweka kwenye mapendekezo ya mwisho.

Sasa nafika sehemu ninayoirukaga. Mwezi Mei nilirudi Mubitoke, bila kutumwa na mtu, siku yangu ya mapumziko. Nilitaka kusaidia. Naliandika neno hilo kwa uchungu, maana sina jingine. Nilikaa uwanjani na Mama Ezra na wazee wachache, nikawachorea chini kwa kijiti vilevile nilivyochorewa kwenye mfuko wa saruji: wimbi linashuka, linapita kwenye nyasi na majani, linapotea, linapiga bati, linarudi. Nikawaeleza nyekundu ni nini na kijani ni nini, na kijani kitawafanya nini. Mama Ezra alikiangalia kile kijiti muda mrefu. "Kwa hiyo hiyo jicho inaonaga bati?" "Bati na kuta zilizonyooka, mama." "Na nyasi haioni." "Haioni." "Na sisi tukiweka bati, itatuona?" Nikasema ndiyo. Sikusema labda, wala sikusema nitauliza. Nilisema, "Itawaona tu, mama, haiwezi kuwakosa," na wazee wakatazamana, nami nikajisikia mtu mkubwa.

Walichokifanya watu wa Mubitoke kwa ajili ya neno langu moja sitakisahau. Mbuzi waliondoka. Mzee mmoja alimwuza ng'ombe aliyekuwa amemtunza kwa mahari ya mwanawe, na harusi ikasogezwa mbele. Walikuja Kasulu wakiwa wengi, wamevaa nguo za kanisani, wakasimama mbele ya duka la Mzee Shabani kwa adabu mpaka akashtuka. Alipoelewa wanachotaka alifurahi, si kwa biashara tu. Aliwapunguzia, akawapa lori lake liwafikishe mpaka njia inapoishia, na utani juu. "Mnataka muonekane na nani huko juu, malaika?" Mama Ezra akamjibu, "Malaika wanatuonaga siku zote, baba. Ni serikali." Mzee Shabani alinigeukia akacheka, nami nikacheka. Siku ya kuezeka nilikuwepo. Walizivua zile nyasi nyeusi wakazitupa kwenye migomba ziwe mbolea, wakapigilia kenchi mpya, wakapandisha mabati wakiimba kwa Kirundi, na rubisi, pombe ya ndizi, ikazunguka kwenye kibuyu. Wakati wa jioni jua lilipiga paa zile na pote pakawa paking'aa hata huwezi kutazama. Mama Ezra alinishika mkono akanionyesha. "Ona. Hata mimi sasa ninatuona." Nilikuwa na furaha ambayo tangu hapo sijaipata tena katika kazi yoyote.

Nilirudi ofisini Jumatatu nikiwa bado na furaha hiyo, nikamsimulia Edgar yote. Kisha nikamuuliza picha nyingine ya upande ule itapigwa lini. Edgar aliacha kuandika. "Leokadia, itapigwa na nini?" Nikasema na setilaiti. Akasema polepole kwamba setilaiti yetu ilikufa mwaka uliopita. Ilikata mawasiliano siku moja tu, ikaacha kujibu, na bado inazunguka huko juu, kimya. Picha zote tulizokuwa nazo zilipigwa kabla ya mimi kuajiriwa. "Nilidhani unajua," alisema. "Tarehe iko kwenye kila faili." Na ilikuwepo kweli, kwenye kona, tarakimu ndogo ambazo nilizipita kila siku bila kuzisoma, kwa sababu nilichukulia kwamba jicho linalotazama linatazama sasa. Mzee Shabani alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alisikia kila kitu. Alimimina chai kikombe kimoja, akasahau vingine, akarudi dukani. Baadaye aliniita akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kawaambie. Ningeyapokea yale mabati, wallahi, lakini yameshatobolewa. Kawaambie wenyewe wajue."

Sikwenda. Nilijiambia njia imeharibika, nikajiambia pikipiki inahitaji tairi, nikajiambia nitakwenda nikiwa na habari njema ya kuziba hiyo mbaya. Kwa hiyo niliitafuta habari njema. Niliandika barua mbili kwa wakubwa wa mradi, hazikujibiwa. Nilijaza fomu mpya ya Mubitoke, safari hii kanuni yenyewe ikiniruhusu kutia alama kwenye makazi, na Edgar akasema hawezi kupima picha ya zamani kwa fomu ya leo, na nilijua ana haki. Siku moja, labda kwa kunionea huruma, alinivutia kiti mbele ya kompyuta, akaifungua ramani, akaikuza mpaka Mubitoke ikajaa kioo kizima. Kijani tupu. Akachukua kipanya, akaipaka nyekundu kwa mkono. Ilichukua muda mfupi kuliko kusimulia. Tuliitazama, sisi wawili, makazi yenye umbo la kanisa na uwanja na nyumba zote. "Unaona ilivyo rahisi?" alisema. "Na nikiiacha hivi, kesho atakuja diwani na kwao, keshokutwa mkubwa na shamba lake. Halafu ramani hii ni ya nini?" Kisha akabonyeza, na kijani kikarudi. Nilimchukia kwa miaka mingi kwa kule kubonyeza. Siku hizi nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, ninafundisha jiografia, na ukweli ni kwamba sijapata jibu la swali lake. Ninachojua ni kwamba watu walikuwepo.

Novemba waliletwa watu wa idara ya misitu, gari mbili, na ofisi yetu ikatakiwa kutoa mtu anayepafahamu mahali. Edgar alikuwa amesharudi Dar es Salaam kukabidhi kazi. Nikaenda mimi. Mkuu wao alikuwa mwanaume mtaratibu, mwenye miwani, alisalimia kila mtu, hakupaza sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa mapema. Nilijua ukali unaweza kushindana nao. Aliwakusanya uwanjani, akaifunua ramani juu ya boneti, akawaonyesha. Mama Ezra alinitafuta kwa macho, akaniona, akatabasamu. Alidhani nimekuja kutetea. Kwa kweli nilikuwa nimekuja kutetea.

"Mama mwenyekiti," mkuu alimuuliza, "nyumba hizi ni za lini?" "Za zamani sana, baba. Hata kabla mimi sijaolewa." Mkuu aliinua macho akazitazama paa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeziosha, ziling'aa kuliko siku ya kwanza. "Na mabati haya ni ya lini?" Mama Ezra hakuwa mtu wa kudanganya. "Ya mwaka huu, mwezi wa tano." Mkuu akaitikia kwa kichwa, akaandika. "Picha ilipopigwa hapakuwa na kitu. Mwaka huu kuna mabati mapya. Mnaelewa ninachokiona mimi hapa, mama? Ninaona watu wamekuja juzi, wakajenga haraka."

Nilipita mbele. Niliongea sana, na sikumbuki kama niliongea vizuri. Nilieleza habari za nyasi na wimbi, nikaeleza kwamba nyumba ni za zamani ila paa ndizo mpya, na kwamba mimi ndiye niliyewaambia waezeke. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza nyasi za zamani ziko wapi, na mzee mmoja akaonyesha kwenye migomba, zilikokwisha kuoza. Akauliza kuna maandishi gani. Mama Ezra akakimbia ndani, akaleta hati yake, na mkuu akaisoma yote kwa heshima, akaikunja vilevile ilivyokuwa. "Hii inasema wewe ni raia, mama. Haisemi unaishi wapi." Kisha akafungua faili lake akatoa nakala ya fomu, akanipa mimi niisome. Ilikuwa ya mwezi Machi. Alama kwenye kisanduku cha pili. "Hiyo sahihi ni ya nani?" Nikasema ni yangu. Niliyatafuta yale maneno yangu ya pembeni, Watu wapo, wengi, lakini mashine ya kutolea nakala ilikuwa imeukata ukingo wa karatasi, haikubaki hata herufi. Wakapewa siku saba za kuhama.

Nilirudi siku ya tano, peke yangu, kwa sababu kutokwenda kulikuwa kumenishinda zaidi ya kwenda. Kulikuwa na manyunyu. Nusu ya nyumba zilikuwa zimeshaezuliwa, na ndani yake, pale nilipowahi kukaa gizani nikila maharage, mvua ilikuwa inanyesha juu ya jiko na vigoda. Hakuna aliyenitukana. Watu walikuwa na kazi. Mama Ezra alikuwa juu ya paa la nyumba yake, kitenge amekikaza kiunoni, anang'oa misumari kwa nyundo. Aliniona, akaendelea, kisha akasema, "Shika hiyo ngazi, inateleza." Nikaishika.

Tulifanya kazi, yeye juu, mimi chini. Bati la kwanza lilishuka, nikalilaza pembeni. Alipofika kwenye la tatu aliuliza bila kunitazama. "Hiyo jicho. Wanasema ilikuwaga imekufa. Ulijua?"

"Nilijua mwezi wa sita, mama. Wakati huo mlikuwa mmeshaezeka."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Nilitegemea ashuke, au aniambie niondoke, na ningeondoka. Nililia, tena kwa sauti, mpaka ngazi ikatikisika. "Shika vizuri," alisema, "nisianguke, bambe, tafadhali, mimi ni mtu mzima." Nikashika vizuri. Akang'oa msumari, ukatoka umepinda, akaniteremshia mkononi. Niliutazama nisijue nifanye nao nini, nikataka kuutupa kwenye matope.

"Usitupe," alisema. "Unyooshe. Tutaihitaji yote."

Sikumuuliza wataihitaji wapi. Yeye hakujua, na mimi sikujua. Nilichukua jiwe, nikaunyoosha, nikautia ndani ya kopo lililokuwa chini ya ngazi, nikainua mkono kupokea mwingine.